Dominika: tazama paa kabla ya kutazama bahari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wanaofikiria kuhamia mji mdogo wa Karibea: walimu na wauguzi waliopata mkataba, wanaofanya kazi zao kwa kompyuta, na wastaafu wanaotafuta mahali tulivu. Matangazo ya nyumba za huko hupigwa picha kutoka barazani, kamera ikielekea baharini. Mtu anayetaka kuishi humo, si kulala siku saba na kuondoka, ageuke aitazame nyumba yenyewe: juu kwenye paa, nyuma kwenye mteremko, na pembeni palipo na tangi la maji. Na asinunue chochote kabla hajapitia msimu mzima wa vimbunga akiwa mpangaji, yaani kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba.

Tutazungumzia Portsmouth, mji wa pili wa Dominika, kwa sababu visiwa vya Karibea havifanani hata kidogo na ushauri wa jumla humpoteza mtu. Dominika hii si Jamhuri ya Dominika, ile ya Kihispania inayogawana kisiwa na Haiti. Hii ni nchi ndogo ya milima kati ya Guadeloupe na Martinique, iliyopata uhuru kutoka Uingereza tarehe 3 Novemba 1978. Kiingereza ni lugha ya ofisini, na Krioli yenye asili ya Kifaransa ni lugha ya kibarazani. Wasomaji wanaoita Jumapili "Dominika", kama Wakatoliki wetu wafanyavyo, wameshajua maana ya jina: Columbus alikiona kisiwa siku ya Jumapili.

Mji wenyewe uko kaskazini-magharibi, kwenye ghuba ya Prince Rupert, upande wa demani kama wasemavyo mabaharia, yaani uliokingwa na upepo. Kwa miongo kadhaa uliishi kwa wanafunzi wa udaktari wa Ross University, chuo cha Kimarekani kilichokuwa Picard, kusini kidogo ya mji. Kimbunga Maria cha mwaka 2017 kilikiharibu, na chuo kikahamia Barbados. Nyumba nyingi za kupanga za Picard zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi hao: vyumba vidogo vyenye fanicha na jiko. Mgeni ana nafasi ya kujadili kodi pale, na asione haya kufanya hivyo. Mkataba uandike wazi nani analipa umeme, nani analipa maji, na kodi inakuwaje nyumba ikiwa haikaliki baada ya kimbunga. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachowagombanisha watu.

Kwanza vibali, kwa ufupi. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri kabla hujasafiri. Anayefanya kazi za nje kwa intaneti ana viza maalumu ya miezi 18 iliyoanzishwa mwaka 2021, na sharti lake kubwa lilikuwa kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka; hakikisha sharti hilo upya kabla ya kulipa ada. Lakini kinachowakwamisha watu ni njia. Hakuna ndege ya kuvuka Atlantiki inayotua Dominika. Ukipitia Miami au San Juan, unahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki uwanjani. Ukipitia Guadeloupe au Martinique, jua kwamba visiwa hivyo ni Ufaransa lakini havimo katika eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: viza ya Schengen ya kawaida haikuingizi huko, unatakiwa uwe na viza ya maeneo ya Ufaransa yaliyoko Amerika. Wapo wanaolijua hili wakiwa tayari kwenye foleni ya Paris.

Sasa paa. Maria kilipiga usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa cha daraja la 5, la juu kabisa, upepo ukizidi kilomita 250 kwa saa, na kiliharibu karibu paa tisa katika kila kumi kisiwani. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana paa lililovumilia kimbunga cha daraja la 1 si ushahidi wa chochote. Upepo pia hauangushi paa kwa kulisukuma chini, bali hulinyonya juu na kulivuta kutoka kwenye kuta, hasa kwenye kona, upenuni na kileleni. Mlango au dirisha likivunjika upande unakovuma, hewa huingia na kusukuma kutoka ndani, na kazi ya mnyonyo wa juu inakuwa nusu imeshakwisha.

Kwa hiyo ukienda kukagua nyumba, chukua tochi na uombe ngazi. Paa zuri ni la migongo minne, si la miwili lenye kuta za pembetatu mwishoni, na liwe na mwinuko wa nyuzi 25 hadi 35. Paa lililolala karibu tambarare hunyonywa zaidi. Upenu usitokeze zaidi ya sentimita 45 hivi. Paa la baraza liwe limejengwa peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa, ili baraza ikiondoka iondoke yenyewe. Bati liwe geji 24, na kila fundi anajua kwamba namba ikishuka bati linanenepa. Lifungwe kwa skrubu zenye mpira, si misumari, kwa sababu msumari hulegea kila bati linapotikisika hadi unang'oka wenyewe. Kwenye kingo na kwenye kofia ya kileleni skrubu ziwe karibu karibu kuliko katikati. Kisha ingia darini, hapo ndipo pana ukweli. Kila mguu wa kenchi ufungwe kwenye boriti ya juu ya ukuta kwa mkanda wa chuma uliopita juu ya mbao na kushuka pande zote mbili, na boriti nayo ifungwe kwa nondo au bolti zilizozama kwenye linta. Ukikuta mbao zimepigiwa misumari ya mshazari tu, funga darubini yako ya bahari na utafute nyumba nyingine. Chuma chenye kutu ya kahawia inayobanduka ukihesabu kama hakipo.

Vifuniko vya madirisha visiwe hadithi ya mwenye nyumba. Muombe akuoneshe vilipo, vimeandikwa kipi ni cha dirisha gani, na skrubu zake ziko wapi. Plaiwudi ya milimita 16 inatosha kwa dirisha la kawaida ikiwa imekatwa kuzidi tundu la dirisha pande zote na imeshikwa ukutani, si kwenye fremu. Anayeikata siku kimbunga kinatangazwa atakuta duka la mbao limeshamaliza.

Kuhusu mteremko, maneno machache. Dhoruba Erika ya Agosti 2015 haikuwa hata kimbunga kamili, lakini maji na maporomoko yake yaliua watu na kubomoa barabara na madaraja. Nyumba iliyochongewa kiwanja ubavuni mwa kilima, ukuta wa udongo ukiwa mita mbili nyuma ya chumba cha kulala, ni hatari kuliko upepo. Angalia kama kuna mfereji wa zege juu ya ukuta huo, na kama miti iliyo juu inainama. Chini bondeni, nyumba za karibu na Indian River na kinamasi chake hupata mafuriko na mbu. Na anayetaka mlango wake ufungukie mchangani akumbuke kimbunga Lenny cha Novemba 1999: kilitoka magharibi kwenda mashariki, kinyume cha desturi, na mawimbi yake yakapiga pwani za magharibi zilizodhaniwa kuwa salama. Upande wa demani si mkataba na bahari.

Maji. Mgeni hushangaa kwamba katika kisiwa chenye mito kila bonde, bomba hukauka mvua ikizidi. Sababu ni nyepesi. Maji huchotwa mitoni huko juu, mvua kubwa huleta tope na magogo kwenye chanzo, na shirika la maji hufunga hadi mto utakate. Inaweza kuchukua saa kadhaa, na baada ya kimbunga ikachukua wiki. Nyumba isiyo na tangi haifai kupangwa.

Watu wawili wanaojibana kwa lita 60 kila mmoja hutumia lita 120 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 2,000 huwafikisha siku 16. Wakioga kama walivyozoea na kufua kwa mashine, tangi hilo hilo halimalizi wiki. Hesabu ya mvua nayo ni rahisi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba likipata milimita 10 linatoa lita 800, ukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki 640. Lita 40 hadi 80 za kwanza zimwagwe, kwa kuwa ndizo zinazosomba vinyesi vya ndege na majani. Bomba la wima lenye kizibo chini kabla ya kiingilio cha tangi hufanya kazi hiyo lenyewe, mradi mtu akumbuke kulifungua baada ya mvua. Karibu kila mtu husahau, na ndipo maji yanaponuka.

Tangi lililojaa la lita 2,000 lina uzito wa tani mbili, kwa hiyo likae juu ya zege, si juu ya matofali yaliyopangwa. Likiinuliwa mita tatu litatoa presha ya kutosha bomba la jikoni bila pampu, na hilo ni muhimu kwa sababu pampu na umeme hufa pamoja. Kabla ya kimbunga lijaze pomoni na ulifunge kwa mikanda. Tangi tupu ni puto. Mdomo na bomba la kufurikia yawekewe wavu wa matundu yasiyofika milimita moja, la sivyo unafuga mbu wa Aedes aegypti, anayeleta dengi na chikungunya na anayeuma mchana kweupe, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Ukiwa na shaka na maji ya kunywa, chemsha. Gesi ikiisha, tumia dawa ya kufanyia weupe nguo isiyo na manukato, yenye klorini ya asilimia 5 hadi 6: matone mawili kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, yachuje kwanza kwa kitambaa kisha tumia matone manne. Dawa iliyokaa mwaka juani imeshapoteza nguvu.

Umeme wa Dominika ni volti 230 na hezi 50 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), na plagi ni ya Kiingereza ya pini tatu za mraba. Tatizo ni kwamba bidhaa nyingi huja kutoka Marekani, ambako ni volti 120 na hezi 60. Soma kibandiko. Kilichoandikwa 100–240 hakina neno, kinahitaji plagi tu. Kingine kinahitaji transfoma, nayo iwe na wati zaidi kuliko chombo: blenda ya wati 600 ipewe transfoma ya wati 1,000, na friji ipewe kubwa zaidi, maana injini inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Ila transfoma haibadilishi hezi. Injini ya hezi 60 itazunguka polepole na kupata joto, na saa ya jiko inayohesabu kwa mawimbi ya umeme itachelewa dakika 10 kila saa. Ushauri wetu ni kuacha vyombo vya Marekani huko huko na kununua vya volti 230.

Umeme ukikatika, zima friji na televisheni ukutani, acha swichi ya taa moja bila kuizima, ikuarifu umeme unaporudi. Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha friji. Jenereta haikai barazani karibu na dirisha, moshi wake unaua kimyakimya, na kamwe usiichomeke kwenye soketi ya ukuta: umeme unarudi njiani na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo. Swichi ya kubadilishia chanzo ndiyo njia pekee.

Fedha ni dola ya Karibea Mashariki (kwa kifupi EC), inayotumika pia katika nchi na visiwa vingine saba, na tangu 1976 imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Kwa kuwa zote zinaitwa "dola", kila bei iulizwe: ni EC au US? Nyumba za wageni hutangazwa kwa US, sokoni ni EC. Kodi ya 1,500 ni dola 556 za Marekani ikiwa EC, na ni 1,500 kamili ikiwa sivyo. Dukani dola ya Marekani hupokelewa lakini mara nyingi kwa 2.60 au 2.65, chenji ikirudi kwa EC, kwa hiyo noti ya mia inaweza kukupotezea EC 10 bila wewe kuona. Kufungua akaunti huchukua wiki kadhaa. Njoo na barua ya benki yako ya zamani iliyoandikwa karibuni, uthibitisho wa anwani na wa kipato, na pesa za kukuvusha kipindi hicho. Msimu wa vimbunga weka nyumbani noti za 5, 10 na 20, kwani mashine za kadi hufa pamoja na mtandao.

Kwenda Roseau, mji mkuu, ni mwendo wa saa moja hivi kwa basi dogo, lile lenye namba inayoanza na herufi H. Hakuna ratiba, linaondoka likijaa. Jioni mabasi hupungua, na Jumapili usitegemee. Anayeendesha mwenyewe anahitaji kibali cha dereva mgeni juu ya leseni yake, anaendesha upande wa kushoto wa barabara, na anapiga honi kwenye kona kali za mlimani. Hospitali ya mjini hushughulikia ya kawaida, ya kitaalamu hupelekwa Roseau, na makubwa zaidi hutoka nje ya nchi kwa ndege. Bima isiyotaja usafiri wa dharura kwa ndege haijakukinga.

Chakula kitamfurahisha msomaji wa gazeti hili kuliko anavyotarajia. Soko la Jumamosi huanza alfajiri, na saa tatu asubuhi vilivyo bora vimeshaondoka: magimbi, viazi vikuu, ndizi za kupika, mashelisheli. Wenyewe huviita vyote "provision", na ukisikia "fig" si tini, ni ndizi mbichi. "Bakes" ni ndugu wa mandazi. Baragumu la kombe likipulizwa mtaani, samaki wamefika. Jodari na nduwaro wa bahari kuu ni salama. Mzia mkubwa na chewa wakubwa wa miambani waachwe, kwa sababu wanaweza kuwa na sumu ya ciguatera, ambayo haiondoki kwa kupika wala kugandisha. Dalili yake ya ajabu ni kwamba kitu cha baridi kinakuunguza mkononi.

Ufukweni kuna mti unaoitwa manchineel, wenye matunda ya kijani mfano wa tufaha dogo. Tunda ni sumu, utomvu unababua ngozi, na hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka majani yake yanababua. Usijikinge mvua chini yake, usichome kuni zake. Nguo zenye madoa ya kijeshi nazo ziache, raia kuzivaa ni kosa kisheria.

Salamu hatuna haja ya kuwafundisha Waswahili, isipokuwa jambo moja. Kuingia dukani au kwenye basi bila "good morning" ni ukosefu wa adabu, na muuzaji atakuhudumia kwa uso ule ule uliomletea. Ila giza likiingia, "good night" husemwa wakati wa kukutana, si wa kuagana. Anayeamkiwa hivyo asidhani anafukuzwa.

Mwisho, barua na vifurushi. Bahasha iliyoandikwa "Dominica" peke yake inaweza kwenda Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, na kukaa huko miezi. Iandikwe kwa ukamilifu: "Commonwealth of Dominica, West Indies". Namba ya simu nayo huanza na +1 767, na anayepiga kwa 809 atajibiwa Kihispania.

Wasomaji wako,
Portsmouth